Mrejesho: perege wangu wa Kibosho waliokuwa wakihema juu ya maji

Wakuu, shikamooni. Niliuliza kwa nini perege wanapanda juu alfajiri kuhema, na nifanyeje na ndege wanaowadokoa bwawani. Asanteni sana kwa majibu.

Nilianza na ushauri wa kuacha kutia samadi bwawani na kupima maji kwa kuzamisha mkono. Kweli, kiganja kilipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Ukijani ulizidi, na usiku mwani, yaani huo ukijani, unavuta hewa ileile wanayoihitaji samaki. Nikapunguza maji, nikaingiza mapya ya mfongo (mfereji wetu wa kumwagilia) yakidondoka kutoka juu ya bomba. Siku hizi alfajiri wametulia chini, na chakula wanakigombania.

Wavu umemzuia korongo kabisa. Uvute wavu ukaze na uuinue juu ya maji, maana ukilegea ndege wananasa miguu, inasikitisha kuwaona. Mdiria bado anachungulia pembeni, vifaranga wachache anawapata.

Kenge ndiye amenishinda. Anapita chini ya wavu, upande wa magimbi. Aliyeshauri mabati kuzunguka ukingo, nimekusikia, nitayaweka nikishavuna. Magimbi siyakati, vyura wanazaliana humo.