Sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu: kwa nini inasuasua?

Swali

Wakuu, salaam. Nigeria ilipozindua eNaira, sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu yake, tarehe 25 Oktoba 2021, wengi tuliamini kwamba nchi zetu zingefuata upesi. Hata hivyo, Januari 2023 Benki Kuu ya Tanzania ilieleza kuwa itakwenda kwa awamu na kwa tahadhari, na Juni mwaka huohuo ile ya Kenya ikasema kuwa jambo hilo huenda lisiwe kipaumbele kwa sasa. Kwa nini ahadi kubwa namna hii inasuasua?

Jibu la kwanza

Mkuu, hapa kwetu nafasi hiyo imekwisha kujazwa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mwenye simu ya kitochi anapokea pesa, analipia bidhaa na kutoa taslimu kwa wakala wa mtaani, hivyo sarafu mpya ikija na huduma zilezile, muuza samaki hana sababu ya kuhangaika nayo. eNaira ilianza na wenye akaunti za benki, yaani watu ambao tayari walikuwa wakihamisha pesa kwa simu, na huduma ya kupiga *997# bila intaneti ikaja Agosti 2022. Utafiti uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2023 ulikuta asilimia 98.5 ya pochi zake, yaani akaunti za kutunzia eNaira, hazitumiki katika wiki yoyote ile.

Jibu la pili

Nakubaliana, ila salio la simu ni deni la kampuni kwako, ilhali sarafu ya kidijitali ni deni la Benki Kuu yenyewe, sawa na noti. Kwa mwananchi, manufaa yangeonekana kwenye makato: fundi anayemtumia mama yake kijijini kiasi kidogo hukatwa anapotuma, na mama naye hukatwa anapotoa. Hilo linaniuma, na ndilo ningependa litatuliwe kwanza.

Jibu la tatu

Makato hayo ndiyo yanayomlipa wakala kamisheni. Yakifutwa, nani atampa mama taslimu? Dawa ni kuwapata kwanza wauzaji watakaoipokea sarafu hiyo, ili mama asilazimike kutoa taslimu. Noti zilipoadimika Nigeria mwanzoni mwa 2023, wateja wengi sokoni walilipa kwa kuhamisha pesa benki hadi benki, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo muuzaji aliizoea.