Tupeane uzoefu: jina la faili ni lilelile, akaunti ni nyingine

Mhasibu_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya akaunti kugongana kwenye mafaili ya mtandaoni. Unahifadhi kitu ofisini, ukifika nyumbani hakipo. Au mwenzako anafungua faili lilelile anakuta la wiki iliyopita. Naanza mimi.

Nafanya hesabu za chama cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Mwisho wa mwezi nilikesha siku mbili nasahihisha jedwali la marejesho ya mikopo. Nikahifadhi, na tiki ya kijani nikaiona kwa macho yangu. Asubuhi meneja akapiga simu: "Dada, mbona safu ya Machi bado tupu?" Nikafungua kwangu, safu imejaa hadi shilingi ya mwisho. Kwake tupu. Kikao cha bodi saa tano.

Siku hiyo tulichapisha kwenye karatasi, kikao kikapita. Jioni ndipo nikaona: pale chini kulia, karibu na saa, kuna mawingu mawili ya OneDrive, ile huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, moja jeupe na moja la bluu. Jeupe ni la akaunti binafsi, la bluu ni la kazi. Na kwangu yote mawili yalikuwa yamebeba anwani moja ya imeili! Miaka ya nyuma, kabla ofisi haijahamia Microsoft 365, nilifungua akaunti binafsi kwa imeili ya kazini. Ofisi ilipohama, anwani ileile ikapata akaunti ya pili. Tangu 2016 Microsoft wamezuia kufungua akaunti binafsi mpya kwa anwani ya ofisi iliyokwisha kuingia kwenye mfumo wao wa kazi, ila za zamani zipo bado. Ndiyo maana wengine tukiingia tunaulizwa: ya kazi au shule, au ya binafsi? Nilikuwa nabonyeza yoyote, nikidhani zote zinakwenda kwangu tu, kumbe jedwali nilihifadhi kwenye ya binafsi na meneja anaangalia ya kazi.

Nilivyotoka: kwanza nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje. Pili, nikaingia akaunti binafsi kupitia brauza, nikaongeza anwani yangu ya Gmail, nikaifanya ndiyo kuu, kisha ile ya ofisi nikaiondoa humo. Mafaili ya akaunti hayakuguswa, kilichobadilika ni jina la kuingilia tu. Tatu, majedwali ya chama nikayanakili kwenda folda yenye jina la ofisi, nikasubiri wingu la bluu limalize kazi. Meneja akafungua, Machi ikaonekana.

Karibuni.

Mwl_Nakuru

Pole sana dada. Yangu ilikuwa upande wa Google. Niliwatumia walimu wenzangu mpangilio wa masomo, wote wanafungua. Siku moja mimi mwenyewe niliyeuandika nabonyeza kiungo naambiwa niombe ruhusa. Nikaomba ruhusa, na ombi likaja kwenye imeili yangu nyingine. Hapo ndipo nikaelewa.

Angalieni anwani ya ukurasa pale juu. Ukiwa na akaunti mbili kwenye brauza moja, Drive, yaani hifadhi ya mafaili ya Google, huandika /u/0/ kwa ile uliyoingia nayo kwanza, na /u/1/ kwa inayofuata. Kiungo kikifunguka chini ya sifuri na faili ni la moja, hutaingia. Kubadilisha akaunti kwa kubonyeza picha yako pale kona ya kulia kulinisaidia kwa muda tu, kesho yake shida ikarudi. Dawa iliyodumu ni kutengeneza wasifu mbili kwenye Chrome, wa shule rangi ya kijani na wa nyumbani rangi ya machungwa. Kila wasifu una akaunti moja, basi. Ni miaka miwili sasa sijaomba ruhusa ya faili langu mwenyewe.

Steshenari_Mwanza

Mimi nina kisa ambacho bado kinaniuma, nakisema ili mwenye steshenari mwenzangu asifanye nilichofanya.

Alikuja binti mmoja anataka kuchapa vyeti vya kuombea kazi. Vilikuwa Drive. Kompyuta yetu ilikuwa na programu ya Drive ya mezani, kijana wangu akamwambia aingie humo. Akachapa, akalipa, akaondoka. Akaunti yake ikabaki. Baada ya siku tatu diski inajaa, naangalia naona folda nisizozijua: vyeti, picha za familia, nakala ya kitambulisho cha taifa. Nikashtuka, maana hivyo ni vitu vya mtu. Kwa nia ya kumlinda nikachagua vyote, nikafuta.

Sasa hapo ndipo kosa. Folda inayosinki, yaani inayojilinganisha yenyewe na ya mtandaoni, haina "ya kwangu" na "ya kwake", ukifuta huku kunafutika na kule. Jioni yule binti akapiga simu dukani analia, usaili ni kesho. Namba ya duka ilikuwa kwenye risiti. Nikamwambia, mwanangu, usifanye lolote, fungua Drive kwenye simu, nenda kwenye pipa la taka. Vyote vilikuwamo. Drive hukaa navyo siku 30 kabla ya kuvifuta kabisa. Akavirudisha kimoja kimoja na mimi niko naye kwenye simu, dakika arobaini.

Nilichotakiwa kufanya ni kuikata akaunti kwanza kwenye mipangilio ya programu, ndipo nisafishe mabaki kwenye diski. Siku hizi programu ya kusinki nimeitoa kabisa. Mteja anafungua dirisha la faragha la brauza, na akimaliza tunalifunga yeye akiwa anaangalia.

Kijana_wa_Chuo

Wakubwa shikamooni. Nina swali kwa mtu wa OneDrive. Nimeunganisha akaunti isiyo yenyewe, nataka kuikata. Mafaili hayatapotea? Kazi yangu ya utafiti yote iko humo, naogopa hata kugusa.

Fundi_Ilala

Marahaba kijana. Kukata akaunti si kufuta, ila soma alama kabla hujakata. Fungua folda, tazama pembeni ya kila faili. Wingu la bluu tupu: faili liko mtandaoni tu, kwenye diski yako hakuna kitu, na ukikata litaondoka kwenye kompyuta, litabaki kule. Duara jeupe lenye tiki ya kijani: limeshushwa, lipo. Duara lililojaa kijani, tiki nyeupe: limeshushwa na litakaa hapo siku zote. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda ya utafiti, chagua ile ya kuliweka kwenye kifaa daima, subiri mpaka liwe kijani kote. Kisha nakili kwenda folda ya nje ya OneDrive kabisa.

Jambo la pili, ambalo watu hukimbilia kwangu nalo wakiwa wamekata tamaa: kama ulikubali OneDrive ihifadhi Desktop na Documents, hizo folda zimehamia ndani yake. Ukikata akaunti, skrini ya mwanzo inaweza kubaki nyeupe. Usiwashe upya mara kumi, usipige Windows mpya. Ingia folda yako ya mtumiaji kwenye C, fungua OneDrive, humo ndani kuna Desktop yako.

Binti_Maskati

Salaam kutoka Oman. Kwangu akaunti zilikuwa mbili kwa sababu ya laini. Nilipobadilisha simu, namba ya uthibitisho ikawa inatumwa kwenye laini yangu ya Tanzania iliyokwisha kufungwa. Nikafungua akaunti mpya, picha za watoto zikagawanyika pande mbili. Kaka alijaribu kunirudishia laini kule nyumbani, haikuwezekana, wanataka alama za vidole za mwenye laini. Nikasubiri likizo miezi saba. Nilipoipata tu, kabla ya kufungua mizigo, nikachukua Google zile namba 10 za akiba za kuingilia akaunti bila kutumiwa ujumbe kwenye laini, kila moja tarakimu 8, nikaziandika kwenye daftari la mama. Jamani, mlio mbali na nyumbani fanyeni hili leo.

Mhasibu_Moro

Dada wa Maskati, nimezichukua zangu muda huu huu. Asante sana.

Kijana_wa_Chuo

Fundi, nimefanya kama ulivyosema. Sura tatu zilikuwa na wingu tupu, yaani kwenye mashine hazikuwepo kabisa. Bando likaisha katikati, nikaongeza. Saa sita usiku zote zikawa kijani, nikazinakili, nikakata. Desktop ikawa nyeupe kweli, moyo ukaruka, nikaingia C kama ulivyoelekeza nikaikuta. Nimeingia kwa akaunti ya chuo, na msimamizi wangu ameshaifungua sura ya pili na kuniachia maoni kumi na moja.