Mwalimu mgeni Uganda anayetaka kuhamia ufundi wa kompyuta shuleni

Ndugu zangu, habari za jioni.

Naomba mawazo yenu. Mwalimu wa sekondari kutoka Tanzania, mwenye shahada ya ualimu (Jiografia na Kiswahili), yuko Kampala kwa kibali cha kufundisha. Shule ina maabara ya mashine 20 na haina fundi wa kudumu. Angependa kuishika kazi hiyo. Makaratasi yakoje, na kazi yenyewe inataka ujuzi gani hasa? Mwenye vipimo na hatua atupe, tafadhali.

Mwulizaji, Ntinda

*

Mwalimu, salaam.

Nianze na makaratasi, maana ndiyo yanayowakwamisha watu kabla hawajashika hata bisibisi. Kibali cha kazi cha hapa humtaja mwajiri na kazi. Kilichoandikwa ualimu hakigeuki kuwa cha ufundi kwa sababu tu mwalimu mkuu amekubali kwa mdomo. Shule ipeleke ombi kupitia tovuti ya uhamiaji, na barua ya ajira itaje kazi mpya kwa jina lake, kabla hujaanza. Mwajiriwa wa kawaida huangukia daraja la G2.

Shahada ya nje hulinganishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita hulinganishwa na UNEB. Ndugu zetu wa Kongo wana hatua moja zaidi: hati za Kifaransa zitafsiriwe rasmi kwa Kiingereza kwanza. Mwenye hadhi ya ukimbizi asikubali kuambiwa kwamba haruhusiwi kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki hiyo.

Soma mkataba vizuri. Mwajiriwa hukatwa asilimia 5 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri huongeza asilimia 10 juu yake. Anayelipwa "kwa kazi" mara nyingi haongezewi kitu, hata kama yuko shuleni siku zote tano.

Na Kiswahili usikiache, nakusihi. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na walimu wake hawatoshi. Shule ndogo haina fungu la fundi wa kutwa nzima. Mwalimu akiomba vipindi kumi vya Kiswahili, na saa zilizobaki akae maabara, anaipa shule kitu inachoweza kukilipia. Barua na kibali vitaje kazi zote mbili.

Dada wa Masuala ya Ajira, Kabalagala

*

Mwalimu, pole na majukumu.

Wengi wanaoingia kazi hii hukimbilia programu. Anza na umeme. Ukiketi kwenye maabara mwezi mmoja na kuandika kila hitilafu, utaona nyingi zinatokea ukutani, hazitokei kwenye mashine.

Piga hesabu. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula kama wati 100. Mashine 20 ni wati 2,000, yaani zaidi ya ampea 8 kwenye volti 240. Soketi ya ampea 13 inaonekana kuzimudu, ndiyo maana watu huunga ekstensheni tatu mfululizo na kuzichomeka sehemu moja. Zinazoungua ni ekstensheni zenyewe: vyuma vya ndani vimelegea, mguso mbaya unapata joto, plastiki inageuka kahawia. Gusa kila plagi kwa kiganja baada ya kipindi cha dakika 80. Iliyo moto itolewe siku hiyo hiyo. Gawa mashine kwenye saketi mbili au tatu, na hiyo afanye fundi umeme mwenye leseni. Mhasibu naye mpe hesabu yake mapema: saa nne kwa siku ni uniti 8 za Yaka, umeme wa kulipia kabla.

UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ikiwa ya VA 650 hubeba takriban wati 360. Ni mashine moja, ya pili usiiongeze, na itakupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hata siku moja. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS huzima. Betri ya ndani, volti 12 na Ah 7, huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Kila mwanzo wa muhula chomoa UPS ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, uandike imedumu dakika ngapi. Ikizima papo hapo, badilisha betri. Usitupe UPS.

Waya wa athi, ule unaoingia ardhini, hakikisha upo kweli. Nchi hii ina radi nyingi. Juni 2011 radi iliua watoto 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Kwa hiyo usipitishe kebo ya mtandao ya shaba angani kutoka jengo hadi jengo, hata kama umbali ni mita 40 tu. Radi ikipiga karibu, umeme wake husafiri kwenye kebo na kuua swichi, yaani vifaa vya kugawia mtandao, za pande zote mbili. Kati ya majengo tumia faiba, kebo ya kioo isiyopitisha umeme.

Sasa kebo. Ndani ya jengo mwisho ni mita 100. Kabla ya kununua roli ya mita 305, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: ni rahisi, lakini hukatika ukiikunja na hupoteza nguvu kwenye umbali. Iache dukani.

Kukrimpi, yaani kubana kichwa cha plastiki (RJ45) mwishoni mwa kebo: shika kichwa klipu ikiwa upande wa nyuma, kebo ikitokea chini. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe. Kosa la wanaoanza ni kupanga jozi kwa jozi, kijani karibu na kijani, kwa sababu inapendeza machoni. Kipima kebo cha bei ndogo kitawasha taa zote nane na utadhani mambo safi. Lakini pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Zisipokuwa hivyo, kebo fupi itakubali na ya mita 50 itakwamakwama. Na kasi ya mashine kwenye mtandao ikishuka kutoka Mbps 1,000 hadi 100, kagua buluu na kahawia kwanza. Mbps 100 huishi bila jozi hizo mbili.

Fundi wa mitandao, Mbarara

*

Salaam kwa wote. Fundi wa Mbarara amemaliza ya ukutani, nami niongeze ya darasani.

Kinachofanya shule imtafute mtu huyu ni mtihani. Wanafunzi wa S.5 na S.6 (kidato cha tano na cha sita) huchagua kati ya hesabu ya ziada (Sub Math) na Sub ICT, somo dogo la kompyuta, na Sub ICT ina mtihani wa vitendo. Mashine ikizima katikati, kazi ya mtoto imekwenda. Kwa hiyo weka hifadhi ya kujiendesha ya Word na Excel iwe kila dakika 1 badala ya 10, mashine zote, na wafundishe watoto kubonyeza Ctrl na S kila wanapovuta pumzi. Programu ya kurudisha mashine katika hali yake kila inapowashwa ni nzuri dhidi ya virusi, lakini hufuta pia kazi za wanafunzi kama hukuwaachia sehemu ya D nje ya ulinzi.

Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi za msaada haziwezi. Usibadilishe maabara yote kuwa Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kwa pupa: somo linafundishwa kwa Word, Excel na Access, na hifadhidata ya LibreOffice, programu za ofisi za bure, haifanani na Access. Mashine za maktaba ndizo za kuwekea Linux Mint. Pesa ikipatikana, nunua SSD (diski za kasi) za GB 240 kabla ya kitu kingine chochote.

Mengine utakayokutana nayo kila wiki: flashi ambayo faili zote zimegeuka njia za mkato. Faili zipo, zimefichwa. Safisha virusi kwanza, kisha fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako. Na mashine inayokataa kila tovuti kwa onyo la usalama, itazame tarehe. Ikisema 2010, betri ndogo ya CR2032 imekufa.

Intaneti ikiwa haba, weka Kolibri, programu ya bure ya masomo, kwenye kompyuta moja iwe seva. Masomo yanafunguka kwa maabara nzima bila kutumia bando.

Mwalimu wa ICT, Jinja

*

Ahsanteni sana. Je, cheti kipi kwanza: CompTIA A+, cheti cha kimataifa cha ufundi wa kompyuta, au stashahada?

Mwulizaji, Ntinda

*

Mwalimu, A+ ni mitihani miwili, ya sasa ni 220-1201 na 220-1202, kila mmoja dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Alama za kupita ni 675 na 700 kati ya 900. Unalipia kila mtihani peke yake, kwa dola, na shule nyingi hapa hazijui ni kitu gani. Anza na kozi za bure za Cisco Networking Academy mtandaoni. Kwa kuwa shahada unayo tayari, stashahada isubiri. Ukiitaka baadaye, UICT, chuo cha teknolojia ya habari pale Nakawa, ina ya jioni ya kuulizia. Wiki hii nunua koleo la kukrimpi, kipima kebo, multimita na vichwa 100, ukrimpi ishirini vya kwanza nyumbani.

Fundi wa mitandao, Mbarara