Nimebaki peke yangu kwenye nyumba, bili bado ni za watu wawili. Nianzie wapi kupunguza?

Binti wa Mkolani
Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tumeachana, nimebaki na nyumba ya vyumba viwili na sebule huku Mkolani, Mwanza. Kodi imelipwa, imebaki miezi minne. LUKU ni yangu peke yangu, maji tunachangia na wapangaji wengine wawili, kila nyumba sehemu sawa. Nina friji ya mlango mmoja, TV, feni, kisimbuzi na mtungi wa gesi wa kilo 15. Mshahara sasa ni mmoja. Ya moyo tuyaache, naomba hesabu tu.

Fundi wa Buzuruga
Pole dada. Anza na LUKU, maana kuwa peke yako kunakupa nafasi ambayo watu wawili walikuwa hawaipati. Angalia uko tarifu gani, yaani kundi gani la bei ya umeme. Ukinunua umeme wa 5,000 (usiwe ule wa kwanza wa mwezi) ukapata uniti 14 hivi, uko T1. Ukipata karibu 41, uko D1. D1 ni ya matumizi madogo ya nyumbani, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi: uniti ni shilingi 100, na makato kama 122. T1 ni 292, na makato inapita 350.

Ukiona uko T1, jumlisha uniti ulizonunua miezi iliyopita. Zikiwa chini ya 75 kila mwezi, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, uombe kubadilishiwa. Kama mita iko kwa jina la mwenye nyumba, mshirikishe kwanza. Zikiwa zaidi, bana matumizi kwanza ndipo uende, la sivyo utarudishwa na rekodi yako mwenyewe.

Ukishaingia D1 usivuke 75. Uniti ya 76 inahesabiwa kwa 350 kabla ya makato, ghali kuliko hata T1, na ukizoea kuvuka unarudishwa ulikotoka. Uniti 75 ni kama 9,150. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa na kodi ya jengo 1,500, kwa hiyo 10,650 inatosha mwezi mzima. Hiyo kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba kisheria. Tunza meseji za manunuzi, mkae chini akupunguzie kwenye kodi ijayo.

Binti wa Mkolani
Asante fundi. Nimeangalia, niko T1, natumia uniti 95 hadi 100. Zinakwenda wapi? Sina hita ya kuoga.

Fundi wa Buzuruga
Mshukiwa wa kwanza ni friji. Saa nne usiku zima kila kitu, iache friji peke yake, andika uniti zilizobaki kwenye mita. Saa kumi na mbili asubuhi soma tena. Tofauti zidisha kwa tatu, ndiyo matumizi ya siku. Friji nzima ya mlango mmoja hula uniti 0.7 hadi 1. Ikifika 1.5, kagua raba ya mlango: bana noti ya elfu moja kati ya mlango na bodi, ivute. Ikitoka bila kukaza, raba imechoka na baridi inavuja, mota haipumziki. Mara nyingi raba haijafa, imejaa uchafu tu. Ioshe kwa maji moto na sabuni kabla ya kununua nyingine. Isogeze friji kama sentimita 10 kutoka ukutani. Barafu ikizidi nusu sentimita, yeyusha, ila usiing'oe kwa kisu. Nimebadilisha nyingi zilizotobolewa hivyo.

Bajeti ya 75 ni uniti 2.5 kwa siku. Friji 0.8, feni ya wati 50 saa nane ni 0.4, TV saa nne 0.2, taa nne za LED za wati 9 kwa saa tano hazifiki 0.2. Inabaki 0.9 ya simu, pasi na kupika kidogo. Balbu moja ya zamani ya wati 60 saa tano ni 0.3 peke yake, ing'oe leo. Pasi piga mara moja kwa wiki, nguo zote.

Jiko Moja
Kwenye kupika watu wanakosea hesabu. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya uniti 9 au 10 za jiko la umeme la kawaida. Ukiwa T1 hizo ni shilingi 3,500 hivi, kwa hiyo linganisha na bei ya kilo kwa muuzaji wako. Mara nyingi zinakaribiana. Ukiwa D1 ni kama 1,200, gesi haioni ndani. Lakini uniti zenyewe ni 75 tu! Umeme upe vyakula vigumu: nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji, ndani ya jiko la presha la umeme, hula kama uniti 0.4. Gesi ibaki ya chai, mayai na ugali.

Mkaa usiingize ndani msimu wa mvua madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na sasa hakuna mtu wa kukuamsha.

Bomba la Mlimani
Hapo kwenye maji ndipo unapoibiwa bila mwizi. Kugawa kwa nyumba kuna maana watu wakilingana. Sasa uko mmoja, jirani yuko na wanne, mnalipa sawa. Omba igawanywe kwa vichwa. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, kwa hiyo andika madumu unayochota wiki moja ndipo ukaongee nao. Maneno matupu yataleta ugomvi uani.

Kabla ya hapo fungeni mabomba yote, mtazame kile kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka, kuna uvujaji. Bomba linalodondosha tone kila sekunde linamwaga dumu zima kwa siku, na dawa yake ni washa tu, ile raba ndogo ya ndani ya bomba. Tangi la choo litie chai ya rangi, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, raba ya chini haifungi.

Mwaloni Kirumba
Chakula pia ni bili. Dagaa usinunue vifungu vya mtaani, njoo soko la samaki la Mwaloni uchukue sado. Kamata wachache mkononi, wavunje: mkavu anakatika kwa mlio, mbichi anapinda, huyo ataota ukungu kabla ya wiki mbili. Waliokaukia mchangani ni rahisi ila utachekecha sana. Wa kwenye chanja ndio wa kuweka ndani. Usije mbalamwezi ikiwa kubwa. Wavuvi wa taa hawaingii ziwani, mzigo unakuwa mdogo na bei inapanda.

Dalali Mstaafu
Kuhama usikimbilie, kodi iliyolipwa mbele hairudi kirahisi. Ukifika mwezi wa tatu kati ya hiyo minne, anza kutafuta chumba na sebule chenye LUKU yake. Piga hesabu hivi: kodi ya mwezi mmoja ya dalali, kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kuhamisha, na mara nyingi miezi sita mkononi. Gawa gharama ya dalali na kirikuu kwa unachookoa kila mwezi. Ikizidi miezi sita, baki. Na nyumba za kwenye mawe huko juu, kabla ya kufurahia kodi nafuu, waulize majirani maji yanapanda siku ngapi kwa wiki na kupandishiwa dumu ni bei gani.

Binti wa Mkolani
Friji imekula 0.5 usiku mmoja, kumbe ni 1.5 kwa siku. Noti imetoka yenyewe. Naosha raba leo, kisha napima tena. Kisimbuzi je, nikikizima kwa rimoti kinaendelea kula?

Fundi wa Buzuruga
Kinakula. Vingi vinabaki na wati 8 au 10 hata kwenye taa nyekundu, ambazo ni uniti 6 au 7 kwa mwezi. Zima ukutani.