Ulinganisho: Production ya vilengeo vya chuma, divisheni za doti, au IDPA? Mgeni naomba ushauri

ShabahaMpya
Wakuu, salaam. Kozi ya usalama nimemaliza, kibali ninacho, bastola ninayo moja tu: Glock 17 kama ilivyotoka kiwandani. Nataka kuingia kwenye mashindano ya bastola ya vitendo ila kila ninayemuuliza anavutia kwake. Wa kwanza kasema nianze Production (divisheni ya bastola za kiwandani) ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na vilengeo hivi hivi vya chuma. Wa pili kanicheka, eti vilengeo vya chuma ni vya babu zetu, nifunge doti nyekundu (kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga) niende Production Optics, au Carry Optics kwa walio chini ya USPSA, chama cha Marekani chenye kanuni zake. Wa tatu, mtu mzima wa IDPA (mchezo wa bastola ya kujilinda), kanishika bega kabisa: "Kijana, hao wanacheza. Njoo IDPA ujifunze kutumia silaha."

Naomba mnilinganishie bila upendeleo. Halafu nina swali la pembeni: mbona kanuni za vifaa ni nyingi kuliko za kupiga? Nimesoma za IPSC usiku mzima, ni milimita na gramu tupu.

MzeeWaNyundo
Karibu kijana. Nianze na hilo la pembeni, ndilo lenye utamu.

IPSC ilianzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, Jeff Cooper akiwa rais wa kwanza. Wazo lilikuwa ni kupima bastola ya kawaida, na mkanda wa kawaida, kwenye matatizo ambayo mtu hakuyafanyia mazoezi jana yake. Ndiyo maana ya yale maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas: usahihi, nguvu, kasi. Bastola ya mashindano na bastola ya kiunoni ilikuwa moja.

Sasa wapiga shabaha ni watu. Ukiwapa taima na kombe wataanza kupiga tupa bastola zao. Zikaja kompenseta za kupunguza mruko mdomoni mwa mtutu, magazini ndefu, holsta (mifuko ya bastola) zinazoshika bastola kwa kidole kimoja. Mwaka 1990, kwenye mashindano ya dunia kule Adelaide, Doug Koenig akachukua ubingwa akiwa na doti nyekundu juu ya bastola yake. Hapo hakuna aliyeweza tena kusema ile ni bastola ya kawaida. Waliotaka doti wakaachiwa divisheni ya Open, wasiotaka wakapewa Standard, na baadaye Production kwa waliochoshwa na bastola za mafundi. Wengine walikuwa wamekasirika zaidi, wakatoka kabisa na kuunda IDPA mwaka 1996.

Kwa hiyo hizo milimita zako usizidharau. Kila moja ni ugomvi wa watu wazima uliomalizwa kwa rula.

HitFakta
Mzee kamaliza historia, mimi nilete hesabu maana ndiko mgeni anakoumia.

Kwenye IPSC alama zako zinagawanywa kwa sekunde zako. Eneo la A, katikati ya shabaha, ni alama 5. Ukiangukia C, eneo linalofuata kwa nje, mwenye risasi ya nguvu kubwa (major) anapata 4, mwenye ya nguvu ndogo (minor) anapata 3. D ni 2 kwa 1. Production yote ni minor, hata ukiingia na bastola ya kuulia tembo.

Chukua steji (kituo kimoja cha mashindano) ya risasi 24. Umepiga A 20 na C 4 kwa sekunde 14. Kwa minor ni alama 112, gawanya kwa 14, hit fakta 8.00. Kwa major ni 116, yaani 8.29. Ndani ya divisheni moja ya minor hilo halikuhusu, wote mko sawa. Angalia hili sasa: ukiwa kwenye hit fakta 8, C moja imekula alama 2, ambazo ni sawa na robo sekunde. Kama kusubiri A kungekuchelewesha zaidi ya robo sekunde, ni bora ungepiga ile C ukasonga.

IDPA hawagawanyi. Wanachukua muda wako na kuongeza sekunde 1 kwa kila pointi uliyoangusha. Zile zile risasi 4 zilizotoka pembeni kidogo, kule zimekugharimu sekunde 4 nzima. Hapo ndipo michezo hii miwili inapoachana, kuliko kwenye vizibao na holsta. IPSC inakulea uwe na haraka ya kukubali risasi nzuri ya kutosha. IDPA inakulea uwe na subira.

Risasi nazo: Production ya IPSC ni 15 kwenye magazini, na steji ndefu inafika risasi 32. Yaani kubadili magazini mara mbili hata usikose hata moja, na ukikosa bamba la chuma mpango wote unavurugika. IDPA steji haizidi risasi 18.

Kizibao
Mimi ndiye yule mtu mzima wa kushika bega, au pacha wake 😀

HitFakta hesabu zako sawa, ila umeruka kitu. IDPA unachomoa kutoka chini ya kizibao au shati, unapiga ukiwa nyuma ya kinga, na huruhusiwi kuangusha chini magazini yenye risasi eti kwa sababu umepiga hesabu kwamba itakuishia sehemu mbaya. Kwenye IPSC nimeona mtu anasimama wima katikati ya uwanja, mbele yake shabaha sita, anafyatua kama anapiga ngoma. Kama ni mchezo basi ni mchezo mzuri, sikatai. Asiniambie tu ni "vitendo".

Halafu kule kwetu kuna adhabu ya sekunde 20 kwa anayefanya ujanja nje ya roho ya mchezo. Ukikuta kanuni ya namna hiyo ujue watunzi waliwajua wanadamu.

MzeeWaNyundo
@Kizibao ndugu yangu, hivyo vizibao vyenu vya mvuvi ndivyo vinaficha nini? Mwizi akikutana na mtu kavaa kizibao cha mifuko kumi na mbili jua la mchana, atajua tu ana bastola. Na mimi nimeona wenzako wakikata pindo na kulijaza vyuma ili lirushwe vizuri nyuma wakati wa kuchomoa. Mliwakimbia wenye kupiga tupa, mkaenda kupiga tupa nguo.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema sisi ni watakatifu. Angalia Production. Ilikusudiwa iwe ya bastola ya kazini, kama hiyo Glock ya kijana, isiyofika gramu 650 bila magazini. Nenda leo ukatazame mikanda ya watu: CZ Shadow 2, chuma kitupu, kilo 1.33. Hakuna askari anayezunguka na mzigo ule. Na kanuni yenyewe ndiyo iliyomlea. Imesema mvuto wa kwanza wa triga uwe walau kilo 2.27, au sivyo kila mvuto uwe walau kilo 1.36. Wenye bastola za nyundo wakachagua mlango wa kwanza: mvuto wa kwanza mzito, inayofuata yote laini kama siagi. Kiwanda hakikuvunja kanuni hata moja. Kiliisoma vizuri kuliko walioiandika.

MamaTaima
Wakaka mnabishania nani ana bastola ya kweli, kama kawaida. Nami niseme la upande wangu.

Sikuja kwenye mchezo huu kwa ajili ya kujilinda na mtu yeyote. Nilikuja kwa sababu napenda kukimbia na kufikiri kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nilipofika, miaka mingi iliyopita, wanaume watatu walinifundisha kushika bastola kwa namna tatu tofauti kabla sijafungua begi. Siku hizi nafika, mwamuzi ni msichana, kikosi changu kina baba na binti yake, na maongezi ni ya visigino vya viatu na namna ya kuingia pembeni bila kusimama. Huko ndiko kubadilika kwenyewe.

Hata sura imebadilika. IPSC haipendelei nguo za kombati kwa asiye askari. Shabaha yao ya karatasi haina kichwa, wakati USPSA bado wanayo ile yenye kichwa. Watu wanaona ni urembo tu. Uingereza walikuwa wenyeji wa mashindano ya dunia mwaka 1993, pale Bisley. Mwaka 1996 yakatokea mauaji ya shule ya Dunblane, na kufikia 1997 bastola walizokuwa wakishindania zikawa marufuku. Mpiga shabaha wa pale aliyekuwa na makombe ukutani aliamka hana mchezo. Kwa hiyo mtu akiniambia kuacha kombati ni kujipaka poda kwa wanasiasa, huwa namuuliza kama ana mpango wa kupiga shabaha miaka 20 ijayo.

@ShabahaMpya ushauri wangu: nenda na unachomiliki. Usinunue kitu mpaka umalize mashindano matatu.

FundiBaruti
Mmesahau kronografu, kile kifaa cha kupima kasi ya risasi. Ngoja nimwambie kijana kitu kitakachomliza.

Ili uhesabiwe minor lazima ufike pawa fakta 125: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Mimi najaza risasi zangu mwenyewe. Nilikuwa na kichwa cha greni 124, nikapunguza baruti mpaka kasi ikawa 1,018, pawa fakta 126 na kidogo. Laini, bastola hairuki. Nikajiona fundi kweli.

Asubuhi ya mashindano kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Wanachukua risasi 8 kutoka mkandani mwako, moja wanaing'oa kichwa wakapime kwenye mizani, 3 wanapiga. Kijana wa kronografu akasoma: 1,001. Ya pili 1,004. Ya tatu 1,003. Akatazama kikokotoo chake, akanitazama, akapunguza sauti kama daktari. Zikapigwa nyingine, hazikutosha. Baruti ile na baridi hawapatani. 124 kwa 1,003 ni 124.4. Siku nzima niliruhusiwa kupiga, lakini bila alama. Nilisafiri kwenda kupigia raha.

Tangu siku hiyo risasi zangu hazishuki chini ya 130. Na wewe anza na za kiwandani.

HitFakta
@FundiBaruti pole, ila nimecheka.

Turudi kwenye doti, hatujamjibu. Faida yake kubwa kwa mgeni ni kwamba macho yako yanabaki kwenye shabaha. Kwa vilengeo vya chuma lazima uone ncha ya mbele, tundu la nyuma na shabaha, na jicho haliwezi kuviona vyote kwa ukali mmoja. Ukivuka 45 ncha ya mbele inakuwa ukungu. Klabuni kwetu kuna wazee watatu waliokuwa wamestaafu, doti imewarudisha.

Hasara yake utaiona wiki ya kwanza: unachomoa, unanyoosha mikono, kioo kitupu. Doti haipo. Unaanza kuzungusha kifundo cha mkono kama anayetafuta mtandao. Vilengeo vya chuma vinakuonyesha umekosea upande gani, doti inakuacha gizani. Dawa yake ni kufyatua bila risasi nyumbani, kila siku dakika kumi, risasi zikiwa chumba kingine.

Na usifikiri divisheni za doti hazina ugomvi wao. Carry Optics ya USPSA jina ni la bastola ya kubeba. Kikomo cha uzito kimepandishwa tena na tena mpaka jina limebaki jina. Kisha mwaka 2023 wakaleta Limited Optics, minor tupu, na wenye zile bastola za mashindano za mtindo uitwao 2011 (jina, si mwaka) wakahamia huko na 9mm zao. Risasi ya kipenyo cha .40, iliyokuwa mfalme wa major, inabaki na wazee wa Standard.

Kizibao
Hata idadi ya risasi ni siasa iliyoganda. Marekani sheria ya 1994 ilizuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. IDPA ikajengwa juu ya 10, Production ya USPSA nayo ikazaliwa na 10. Sheria ikafa 2004. Namba 10 ikaendelea kuishi miaka na miaka mpaka USPSA walipokubali 15. Watu walikuwa wameizoea, wakaanza kuitetea kwamba eti inafundisha kubadili magazini.

Nami niliitetea, nakiri.

ShabahaMpya
Wakuu, nimerudi na ripoti.

Nilimsikiliza MamaTaima. Nimepiga mashindano mawili ya klabu, moja la IPSC na moja la IDPA, Glock ile ile, vilengeo vile vile, holsta ya plastiki nyuma ya mfupa wa nyonga.

IPSC: nimekuwa wa tatu kutoka mwisho. Steji ya kwanza nilijipanga kubadili magazini nikiwa nakimbia kushoto. Mwamuzi akapaza sauti, "Mdomo!" Nikaona bastola yangu inaelekea kwenye nyuzi 90, mpaka wa usalama, bado kidogo tu niondolewe. Mtu wa mkono wa kulia ukikimbia kushoto, mtutu ndiyo unataka kukufuata nyuma. Hilo hakuna kati yenu aliyeniambia!

IDPA: wa saba kati ya kumi na tano. Nilijiona bingwa mpaka nikahesabu: pointi nilizoangusha zilikuwa 31, sekunde 31 zimekwenda hivi hivi. Nikawa nasikia sauti ya HitFakta kichwani.

Jamaa mmoja pia aliniazima Shadow 2 yake baada ya mashindano. Nikapiga shabaha nne, risasi mbili mbili, mara tano. Mvuto wa kwanza ulinishinda kila mara, risasi ya kwanza ilishuka chini kushoto. Zilizobaki saba zilikaa pamoja kama zimegundishwa. Nimeirudisha haraka kabla sijaizoea.

Kwa sasa nabaki Production na chuma changu mpaka mwisho wa msimu. Swali jipya: huo mkanda wa tabaka mbili, wa ndani na wa nje, ni lazima? Maana wangu umekunjika hadi bastola ilikuwa inatazama chini ya kwapa.

MzeeWaNyundo
Nunua mkanda kesho asubuhi. Hayo mengine tutabishana.