MJADALA: Kihispania tuanze na majedwali ya vitenzi au sentensi za kila siku?

Wakuu, darasani kwetu tumegawanyika. Mwalimu anataka tukariri kwanza hablo, hablas, habla (nasema, unasema, anasema) mpaka mwisho wa jedwali. Mimi nasema tuanze na sentensi, sarufi tutaikuta humohumo.

Chukueni ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa". Kitabu chetu, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kinadai ser ni ya mambo ya kudumu na estar ya muda. Mbona basi marehemu ni "está muerto"? Kafa kwa muda? Leteni Kiswahili hapo: "la puerta está cerrada", mlango umefungwa, "el vaso está roto", glasi imevunjika, "está muerto", amekufa. Zote -me- yetu. Mahali je? "Madrid está en España", Madrid iko Hispania. Ser inabaki na "ni": "soy profesor", mimi ni mwalimu.

"Tengo hambre" ni nina njaa, neno kwa neno. Na ninayoipenda kuliko zote, "se me cayó el vaso": glasi imeniponyoka. Kumbe hata wao lawama wanaitupia glasi!

Nimekosea wapi?

JIBU: Umechagua mifano inayokubeba, mkuu. "La fiesta es en mi casa": sherehe iko nyumbani kwangu. Ni mahali, lakini wametumia es, maana tukio huchukua ser. Iko yako imekuangusha. Tena "quiero que vengas" ni nataka uje, sawa. Sasa "cuando vengas"? Ni ukija, hakuna "uje" hapo, ila Kihispania kimebaki na vengas kwa kuwa kuja kwenyewe bado. Hilo usipoelezwa utabahatisha mwaka mzima.

JIBU: Nani hapa alifundishwa ngeli kwa jedwali nyumbani? Kanuni ya -o kiume na -a kike inavunjwa na la mano (mkono), el día (siku), el mapa (ramani): la ni ya kike, el ya kiume. Aliyezoea "buenos días" (habari za asubuhi) na "lávate las manos" (nawa mikono) hababaiki.

JIBU: Nyumbani ulikuwa na mama wa kukusahihisha kutwa, ndugu. Darasani tuna saa mbili kwa wiki.

MWANZISHA MADA: Sherehe imenishinda, nakiri. Lakini mkuu, hiyo kanuni ya cuando umenielewesha kwa "uje" na "ukija". Jedwali hujaligusa.