Ripoti za mafunzo ya wahudumu wa baa Marekani: tunaacha faili la wiki, tutume vipi sasa?

binti_kibokoni

Asalaam alaykum wanajamvi. Nauliza mnaofanya kazi za data, hasa mlioajiriwa na kampuni za ng'ambo mkiwa hapa hapa Mombasa.

Nafanyia kampuni ya Marekani inayofundisha wahudumu wa baa na mikahawa kwa mtandao: kumtambua aliyezidiwa na pombe, kukagua kitambulisho, kumkatalia mteja kinywaji bila kuzua fujo. (Mama bado anauliza kama mshahara huu ni wa halali. Namwambia mimi napanga majina na tarehe tu, glasi siishiki. Hajaridhika.)

Kazi yangu ni ripoti. Mtu akimaliza kozi, jimbo lake lazima lijue, na kila jimbo lina mambo yake. California, ambako sheria ya kumtaka mhudumu awe na mafunzo haya ilianza kubana tarehe 1 Julai 2022, mhudumu hujisajili kwanza kwenye mfumo wa serikali, apewe namba, ndipo aje kwetu. Tukishamripoti, mtihani anaufanyia serikalini, na ana siku 30 tu. Washington kibali ni cha miaka 5 na anayekitoa ni mkufunzi. Texas cheti kinaisha baada ya miaka 2.

Sasa kuna jimbo jingine, silitaji, ambalo miaka yote limekuwa likipokea faili la Excel kila wiki. Linahama: kila rekodi itumwe papo hapo, mfumo wetu uongee na wao. Bosi anataka niandike tunavyotaka ifanye kazi kabla programa hajagusa kitu.

Faili hilo nitaliaga kwa furaha. Kompyuta yangu iko kwa tarehe za Kenya. Ikija 07/05/1998 Excel inasoma 7 Mei, kumbe kwao ni 5 Julai. Ikija 07/25/1998 inashindwa, mwezi wa 25 haupo, basi inaiacha kama maandishi. Ukitazama ile safu, tarehe nyingine zimeegemea kulia (Excel imezikubali kuwa tarehe), nyingine kushoto (zimebaki maandishi), na zilizo kulia, zile zinazoonekana safi, ndizo za uongo. Muñoz naye, herufi zikivurugika njiani, anafika akiwa MuÃ±oz, anakataliwa. Na jibu la kukataliwa linakwambia mistari mingapi imeanguka, si ipi.

Swali: tumtambue mtu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa kama zamani, au vipi? Na stima ikipotea huku rekodi ziko njiani?

tudor_mifumo

Waalaykum salaam dada. Jina halifai kuwa kitambulisho, achana nalo. Mtu anaolewa, anabadilisha jina. Mwingine ana majina mawili ya ukoo, leo anaandika moja, kesho yote. Fanyeni kama California: namba ya serikali iombwe kabla somo la kwanza halijafunguka, na ikaguliwe papo hapo. Akikosea tarakimu arekebishe mwenyewe akiwa bado mbele ya skrini. Akishatoka hapo, utampata wapi?

Ya stima: usitegemee laptopu yako kabisa. Rekodi ikae kwenye foleni upande wa kampuni hadi serikali ijibu "nimepokea", na kila rekodi iwe na namba yake isiyorudiwa. Ni kama kodi ya muamala wa M-Pesa: ujumbe ukifika mara mbili, pesa haihesabiwi mara mbili. Hapo unaweza kutuma tena bila hofu ya kumsajili mtu mara mbili.

likoni_wa_kwanza

Swali la kijinga: rekodi ikichelewa siku tatu kuna hasara gani? Si cheti anacho mkononi?

binti_kibokoni

@likoni_wa_kwanza California tusipomripoti hawezi kufungua mtihani, na mwajiriwa mpya ana siku 60 tu tangu aanze kazi awe ameidhinishwa. Anayepigiwa kelele na meneja ni yeye, na wala hajui kuna mtu Kibokoni anahangaika na safu za Excel kwa ajili yake.

@tudor_mifumo ahsante, ya foleni nimeichukua. Lakini namba si kila mahali inatangulia. Mkufunzi anapotoa kibali mwenyewe, namba inazaliwa mwisho wa kozi. Na kuna saa. Mtu wa California akimaliza Jumanne saa tisa alasiri wakati huu wa kiangazi, hapa ni saa saba usiku, tayari Jumatano. Tuandike siku ya nani?

tudor_mifumo

Siku ya mwanafunzi. Kwenye hifadhi wekeni saa za UTC (saa moja ya dunia nzima, isiyobadilika kwa majira) pamoja na eneo la saa la mwanafunzi, halafu ripoti itolewe kwa tarehe ya kwake. Wasiitoe kwa tofauti ya saa 10 iliyogandishwa kwenye programu, kwa sababu majira ya baridi inakuwa 11. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 1998-07-05, hapo hakuna wa kubishana.

Palipo na kibali cha mkufunzi, jipeni namba yenu ya ndani siku anapojiandikisha, ile ya kibali iambatanishwe baadaye.

nyali_faragha

Mimi naogopa kingine. Tarehe za kuzaliwa za watu zimekaa kwenye laptopu ya nyumbani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu pia anayechakata data akiwa Kenya, hata kama wenye data wako Marekani. Mfumo mpya ukija, wewe uone tu namba na sababu ya kukataliwa. Na sababu iwe kwa kila rekodi; hilo mliombe serikalini kwa maandishi sasa hivi, kabla hawajafunga mpango wao.

binti_kibokoni

Hilo la sababu kwa kila rekodi naliweka juu kabisa, hata kabla ya tarehe. Bosi anataka faili la zamani life siku hiyo hiyo mfumo mpya unapowashwa. Mimi nataka viende sambamba mwezi mzima, nilinganishe. Kuna aliyewahi kumshinda bosi kwenye hili?

tudor_mifumo

Muulize ni nani atakayewajibu mameneja wa baa wiki ya kwanza. Atakupa huo mwezi.